Kabla ya Kutia Sahihi: Uchunguzi wa Mwenendo kwa Anayeomba Kuingia Polisi

Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, komine ya Katuba, Lubumbashi

Bamama, bababa, wazee wa kartiye, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma: jambo yenu.

Tumeitwa tuzungumze juu ya uchunguzi anaofanyiwa mtu anayeomba kuingia katika Polisi ya Taifa ya Kongo. Mbio, mazoezi na mtihani wa maandishi tutaviacha kwa siku nyingine. Leo ni ile sehemu ambayo mwombaji haioni, pale dosie yake inapofunguliwa na mtu asiyemjua, na mtu huyo anajiuliza: huyu ni nani, ametoka wapi, anaishije na wenzake?

Mjini hapa kuna maneno mawili yanayozunguka. Wa kwanza wanasema hakuna uchunguzi wowote, ni pesa na kujuana tu. Wa pili wanasema ukilala hata usiku mmoja kwenye kasho, chumba cha polisi cha kufungia watu, basi usijisumbue tena, jina lako limekwisha kuchafuka. Maneno hayo yanapingana, lakini yote mawili yanamfikisha kijana mahali pamoja: anadanganya kwenye fomu. Wa kwanza anadanganya kwa sababu anaamini hakuna atakayeangalia. Wa pili anadanganya kwa sababu anaogopa. Na uongo ulioandikwa na kutiwa sahihi ni mzito kuliko karibu kila jambo ambalo kijana wa miaka 20 anaweza kuwa amelifanya. Kosa la zamani lina tarehe, lina mwisho. Uongo wa kwenye dosie ni wa leo, na unamweleza mchunguzi jinsi utakavyoandika ripoti kesho ukiwa umevaa sare.

Kwa nini Leta, yaani serikali, ichunguze? Katiba yetu, ibara ya 182, inaipa polisi ulinzi wa watu na mali zao. Ibara ya 18 inasema mtu akishikwa asizuiwe zaidi ya saa 48 kabla ya kuachiliwa au kupelekwa mbele ya wakubwa wa sheria. Fikirini maana ya saa hizo 48. Afisa wa polisi wa upelelezi ana uwezo wa kumnyima mama wa soko uhuru wake siku mbili, kwa kalamu yake tu. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 ndiyo iliyopanga polisi, na ile ya tarehe 1 Juni 2013 ndiyo iliyoweka hadhi ya polisi wa kazi: awe Mkongomani, mwenye mwenendo mwema, mwenye afya na masomo yanayofaa daraja analoomba. Neno hilo "mwenendo mwema" ndilo linalozaa karatasi zote nitakazozisema.

Nitaanza na majina, na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo dosie nyingi safi zinapochafuka bila mtu kufanya ubaya wowote.

Chukueni karatasi tatu za kijana mmoja: ile ya kuzaliwa, karte ya kura, na diplome ya Leta. Mara nyingi zina majina matatu. Kwenye ya kuzaliwa ni Ngoie, kwenye karte ni Ngoy, kwenye diplome ni Ngoyi. Mwingine ni Mwamba nyumbani na Muamba shuleni. Mwingine ni Tshibangu kwa baba na Chibangu kwa karani. Kwetu ni mtu mmoja, kila mtu anamjua. Kwa mchunguzi ni watu watatu, na kazi yake ni kujua kama kuna anayejificha nyuma ya mmojawao. Zaidi ya hapo, kuna vijana wanaobadilisha mpangilio: jina la kwanza, la pili, na lile la ubatizo, leo hivi, kesho vile. Mpangilio nao unasomwa.

Halafu kuna kufanana majina. Katika Haut-Katanga yote, akina Ilunga Kasongo ni wangapi? Mmoja wao akihukumiwa kwa wizi Likasi, wewe Ilunga Kasongo wa Katuba unaweza kukuta hukumu yake imekaa juu ya kichwa chako. Kinachowatenganisha ni tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, na mwisho kabisa alama za vidole. Kwa hiyo mtu asiandike "mama: Marie" na kuishia hapo. Andika majina yote ya mama, kama yalivyo kwenye karatasi yake.

Mahali pa kuzaliwa pana mtego wake. Mkoa wa Katanga uligawanywa mwaka 2015 ukawa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kijana aliyezaliwa Kolwezi mwaka 2003, karatasi yake ya zamani inasema "Katanga", mpya inasema "Lualaba". Huo si uongo. Lakini asichukue kalamu akafuta na kusahihisha mwenyewe, kwa sababu karatasi iliyofutwa haina thamani tena. Anaandika kwenye fomu kama karatasi inavyosema, na pembeni anaeleza kwamba Kolwezi sasa iko Lualaba.

Je, na asiye na karatasi ya kuzaliwa kabisa? Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye ofisi ya komine bila shida. Siku hizo zikipita, njia ni mahakama: hakimu anatoa hukumu inayoshika nafasi ya karatasi ya kuzaliwa, ile watu wanaiita supletifu. Kwa mtoto ni mahakama ya watoto, kwa mtu mzima ni mahakama ya amani. Hukumu ikitoka, inapelekwa komine kuandikwa kwenye daftari. Watu wengi wanaishia mahakamani, wanaikunja karatasi na kuiweka sandukuni. Mchunguzi akienda komine kutafuta, daftari halina kitu, na dosie inasimama hapo. Fuateni mpaka kwenye daftari.

Na tafadhali, bababa, msipunguze miaka ya mtoto ili aingie ndani ya umri uliotangazwa. Mdogo wake aliyezaliwa baada yake ana karatasi pia. Shule ya msingi ina daftari. Mtu hawezi kuwa amemaliza shule ya msingi akiwa na miaka 8.

Sasa tuje kwenye lile linaloogopwa: daftari la hukumu, ambalo kwa Kifaransa cha ofisini tunaliita kazie. Dondoo lake linaombwa upande wa sheria, kwa njia ya parke, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka, na mwombaji anachukuliwa alama za vidole. Watu wanachanganya mambo matatu ambayo sheria inayatenganisha. Kushikwa ni jambo moja. Kulipa faini parke ili faili lifungwe ni jambo la pili. Kuhukumiwa na mahakama kwa hukumu ya mwisho ni jambo la tatu. Ibara ya 17 ya Katiba inasema kila anayeshitakiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itamke vinginevyo. Aliyeshikwa Jumamosi na kuachiwa Jumatatu hakuhukumiwa. Aliyelipa faini aliyopendekezewa na parke, mashitaka yake yamezimika hapo, hakuhukumiwa pia.

Ndiyo maana someni swali la fomu neno kwa neno. "Umewahi kuhukumiwa?" ni swali moja. "Umewahi kushikwa au kufuatiliwa na sheria?" ni swali jingine. Kijana aliyeshikwa bila kuhukumiwa akijibu "hapana" kwa swali la kwanza, amesema kweli. Akijibu "hapana" kwa la pili, amedanganya, na ushahidi uko kwenye kitabu cha kasho, chenye jina, saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Namna ya kusema ni fupi. Tarehe, mahali, kilichotokea, kilivyoisha, na karatasi inayothibitisha. Kwa mfano: "Mwezi wa 6, 2021, nilishikwa komine Kenya, hapa Lubumbashi, kwa kupigana sokoni. Nilizuiwa siku moja. Parke ilifunga faili bila kunipeleka mahakamani. Nakala ya barua imeambatanishwa." Inatosha. Usilaumu polisi aliyekushika, usiwaeleze ukoo wa yule uliyepigana naye, usiandike kurasa tatu za kuomba huruma. Barua hiyo ya kufungwa kwa faili inaombwa kwenye parke iliyoshika jambo lako, kwa namba ya faili. Bila namba, makarani watatafuta wiki nzima na huenda wasione. Kwa hiyo mzazi anayemtoa mtoto wake kasho leo, aulize namba ya faili siku hiyo hiyo na kuiandika.

Waliowahi kuvaa sare ya jeshi au ya polisi wana mlango mwingine. Ibara ya 156 ya Katiba inaweka makosa ya wanajeshi na polisi mbele ya mahakama za kijeshi. Maana yake, karatasi safi ya parke ya raia haijibu kila kitu juu ya mtu aliyetumikia jeshini. Auditora ya kijeshi, yaani ofisi ya mashitaka ya jeshi, inaulizwa pia, na karatasi ya kuachishwa kazi inasomwa: aliachishwa kwa sababu gani? Aliyetoroka na kurudi nyumbani kimya kimya, asifikiri miaka imefuta jambo hilo.

Na kuna wale walioshika silaha nje ya jeshi. Hapa nawaomba tuseme polepole. Sheria ya Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamhesabu mtoto aliyeingizwa kwenye kundi la silaha kama mtu aliyetendewa ubaya. Anayeadhibiwa ni aliyemwingiza. Kijana aliyebebeshwa bunduki akiwa na miaka 12 asijiite mhalifu kwenye fomu, na sisi wazee tusimwite hivyo barazani. Akieleze kipindi hicho kwa tarehe, na kama ana karatasi ya kutolewa kwenye kundi, aiambatanishe. Mtu mzima ni hadithi nyingine. Wapo wanaoonyesha sheria ya msamaha ya Februari 2014 kana kwamba ni cheti cha mwenendo. Sheria hiyo ilisamehe uasi na matendo ya vita, lakini iliacha nje mauaji ya kimbari, makosa ya vita, makosa dhidi ya ubinadamu, ubakaji na kuingiza watoto vitani. Tena, kusamehewa na Leta ili usifungwe hakukufanyi ufae kukabidhiwa kasho lenye wafungwa ndani.

Alama za vidole ni jambo dogo, lakini hapa Katanga tuna shida yetu. Kidole kinapakwa wino mwembamba, kinaviringishwa kwenye karatasi kutoka ukingo mmoja wa ukucha mpaka ukingo wa pili, mara moja, bila kurudia juu ya alama. Vidole 10, kila kimoja mahali pake. Wino mwingi unajaza mifereji, inakuwa doa jeusi. Jasho linafanya mistari iteleze. Na waashi, wachimbaji, wanaosafisha mawe kwa asidi, mara nyingi mistari yao imelika kabisa. Ngozi inarudi ikipumzishwa. Kama unajua unakwenda kuchukuliwa alama, acha saruji na asidi wiki moja au mbili kabla, paka mafuta mikono kila usiku, lakini asubuhi ya siku yenyewe osha kwa sabuni, kausha vizuri, usipake kitu. Ukiwa na kidonda au kovu jipya kwenye kidole, mwambie anayechukua, aandike. Karatasi ya vidole isiyosomeka inarudishwa, na muda unapita.

Sasa masomo na kazi. Diplome ina namba, ina mwaka, ina asilimia, na majina ya waliofaulu yamo kwenye orodha za Leta. Kuhakikisha ni kazi ya kulinganisha tu. Aliyenunua diplome hana ujanja hapo. Na sheria yetu ya makosa, kifungu cha 124, inampa aliyeghushi maandishi miezi 6 mpaka miaka 5 ya kifungo, na kifungu cha 126 kinamtendea aliyeitumia karatasi hiyo sawa na aliyeitengeneza. Kijana anaweza kuingia ofisini akiomba kuwa polisi, akatoka akiwa mshitakiwa.

Kwa kazi, mchunguzi anataka mstari usiokatika. Kaeni nyumbani na daftari, mwandike tangu mlipokuwa na miaka 16: mwezi na mwaka, mliishi avenyu gani, mlisoma wapi, mlifanya kazi kwa nani, mliacha kwa nini. Pengo la mwezi mmoja halimshtui mtu. Pengo la mwaka mzima linauliza: alikuwa wapi? Labda gerezani Kasapa, labda porini. Wengi walikuwa tu wanachimba Kolwezi au Kawama bila karatasi. Basi semeni hivyo. Tajeni koperative, tajeni depo mliyouzia madini, tajeni wenzenu wawili wanaoweza kuulizwa, na kama mlikuwa na karte ya mchimbaji, kopi yake. Waliokaa Zambia, Chingola au Kitwe au Ndola, waseme miezi gani, na kama walikaa muda mrefu waombe cheti cha polisi ya huko, ambacho nacho kinatolewa kwa alama za vidole. Kikiwa kwa Kiingereza, kitafsiriwe Kifaransa na mtafsiri aliyeapishwa. Tafsiri ya binamu yenu mwalimu, hata iwe nzuri namna gani, hairuhusiwi.

Juu ya kuwauliza waajiri wa zamani, nitawapa mfano wa mbali, kwa sababu unaonyesha gharama yake. Mwaka 2014, katika mji wa Cleveland huko Marekani, polisi mmoja alimpiga risasi mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, aliyekuwa na bunduki ya kuchezea, mtoto akafa. Baadaye ikajulikana kwamba polisi huyo alikuwa ametumikia kwa muda mfupi katika mji mwingine wa jirani, na wakubwa wake wa kule waliandika kwenye faili lake kwamba hafai kushika silaha. Cleveland hawakulifungua faili hilo walipomwajiri. Mwaka 2017 walimfukuza, na sababu waliyoitaja ilikuwa kutokusema kweli kwenye maombi yake ya kazi. Barua moja kwa mwajiri wa zamani ingetosha.

Tusidhani nchi zenye kompyuta nyingi zinajiweza kwa sababu ya kompyuta. Uingereza, baada ya polisi mmoja wa London kumteka na kumuua mwanamke mwaka 2021, wakaguzi walifungua mafaili 725 ya uchunguzi wa polisi, na ripoti yao ya Novemba 2022 ilisema katika 131 uamuzi wa kumpokea mtu ulikuwa na mashaka. Habari zilikuwamo kwenye mafaili. Waliozisoma ndio walioziacha zipite.

Na hapo nageukia ninyi wazazi na majirani, kwa sababu sisi pia ni wasomaji wa dosie. Cheti cha mwenendo mwema kinatoka komine, na komine haimjui mtoto. Inamwuliza shefu wa kartiye, naye anamwuliza shefu wa avenyu, naye anawauliza ninyi. Mchunguzi akija mtaani hauulizi moyo wa mtu, anauliza mambo ya kuonekana: unamjua tangu lini? Anaishi na nani? Akilewa lutuku anakuwaje? Amewahi kumpiga mke au dada yake? Kuna anayemdai? Alishawahi kuonekana na vijana wa mapanga? Jibuni mliyoyaona kwa macho, na mliyoyasikia mseme mmeyasikia. "Ni mtoto mzuri wa Mungu" haimsaidii mtu.

Lipo moja linaloniuma, na nitalisema mbele ya wazee bila kuzungusha. Binti anabakwa. Familia mbili zinakaa, mbuzi wanatolewa, mabati yanatolewa, pesa inahesabiwa, mambo yanaisha usiku. Sheria za Julai 2006 zilikuwa wazi: kosa la ubakaji haliwezi kufungwa kwa faini ya parke, sembuse kwa mbuzi wa familia. Lakini kwa kuwa hakuna aliyefika parke, daftari la hukumu ni jeupe. Miaka miwili baadaye yule kijana anaomba polisi. Vidole vyake ni safi, kazie yake ni safi. Anayejua ni shefu wa avenyu na majirani wanne. Wakiweka sahihi kwamba ana mwenendo mwema, wanampa funguo za kasho wanapofungiwa mabinti wa watu. Hakuna mashine duniani inayoweza kukamata jambo ambalo mtaa mzima umekubali kulinyamazia.

Liberia waliielewa nguvu hiyo. Walipounda jeshi jipya baada ya vita vyao kuisha mwaka 2003, majina na picha za waombaji zilitolewa hadharani ili mtu yeyote aliyeteswa na mmoja wao aweze kusema. Wachunguzi walikwenda pia mpaka nyumbani kwa waombaji. Daftari nyingi zilikuwa zimeharibika vitani, watu ndio waliobaki kuwa daftari.

Lakini nguvu hiyo hiyo inaweza kutumika vibaya. Kuna jirani mwenye ugomvi wa kiwanja. Kuna anayesema "huyu si wa hapa, kabila lake ni lile". Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kubaguliwa kwa kabila, dini au asili yake anapoomba kazi ya Leta, na mji huu unajua vizuri ubaguzi wa namna hiyo ulitufikisha wapi miaka ya 1992 na 1993, pale watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa. Mchunguzi mzuri anauliza nyumba kadhaa zisizohusiana, na anaandika nani alisema nini. Mwombaji naye, kama ana kesi ya kiwanja na jirani, aitaje mapema, ili maneno ya jirani huyo yapimwe.

Madeni nayo yanaangaliwa, na vijana wanashangaa kwa nini. Umaskini si kosa. Anayelipa likelemba yake, ule mchango wa kupokezana, kila mwezi ni mtu wa kuaminika. Mchunguzi anamtafuta yule aliyekopa kwa banki lamberi, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, riba inapanda, anakimbia nyumba kwa nyumba. Mtu huyo akiwekwa barabarani akiwa amevaa sare, kila dereva atakuwa mlipaji wa deni lake. Kama una deni, andika kiasi, jina la anayekudai na jinsi unavyolipa.

Simu yenu pia ni shahidi. Picha na panga, picha na bunduki ya rafiki askari, sauti za kutukana kabila fulani kwenye kikundi cha WhatsApp. Kufuta usiku wa kuamkia kupeleka dosie hakusaidii sana, kwa sababu wenzenu wanazo. Na ibara ya 183 inasema polisi haina chama, kwa hiyo aliye na cheo katika vijana wa chama chochote aanze kujiuzulu kwa barua, si kwa mdomo.

Kuhusu pesa nitapita haraka. Karatasi za Leta zina ada, na ada ina risiti. Mtu anayekuambia atafuta jina lako kwenye daftari la hukumu, au ana nafasi 10 za kuuza, ni mwizi, na kama kweli ana uwezo huo basi ni mwizi mkubwa zaidi. Matabishi, yaani hongo, unayompa leo yanakufunga naye: siku atakayoshikwa, simu yake itataja namba yako, na wewe utakuwa kazini.

Mpangilio wa kutafuta karatasi una maana. Anzeni na ya kuzaliwa, maana zote zinaitegemea. Halafu msahihishe majina kwenye nyingine. Halafu kopi za diplome zilizothibitishwa, na barua za waajiri, ambazo zinachukua muda mrefu kwa sababu bosi yuko safarini. Cheti cha mwenendo cha komine, cheti cha daktari na dondoo la kazie viwe vya mwisho, kwa sababu vinazeeka: ofisi nyingi hazipokei karatasi iliyopita miezi 3. Kila mwaka kuna kijana anayekimbilia kazie mapema, anajisifu nayo mtaani, na siku tangazo linapotoka karatasi yake imekwisha muda.

Fomu yenyewe ijazwe kwanza kwenye kopi, kwa kalamu ya risasi. Mtu mwingine aisome akilinganisha na karatasi, herufi kwa herufi. Ndipo muijaze ile ya kweli, na kabla ya kuipeleka mpige kopi ya kila ukurasa mliotia sahihi. Mtaitwa kwa mahojiano baada ya miezi, mtaulizwa yale yale kwa mpangilio mwingine, na mtu asiyekumbuka alichoandika anaonekana mwongo hata kama alisema kweli. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi kwa heshima. Kama ni kufanana majina, mwombe vidole vilinganishwe. Kama ni karatasi iliyopungua, itafuteni na mrudi tangazo linalofuata.

Tumeweka meza tatu pale kando ya mlango. Waliokuja na karatasi ya kuzaliwa, karte na diplome wapange mstari, wenzetu watawasomea majina moja moja na kuwaandikia yanayotofautiana, na mahali pa kuyasahihisha. Hatuchukui pesa, hatuchukui karatasi za asili mkononi. Wale waliowahi kushikwa na wanaotaka kujua waandike nini, wasisimame mbele ya watu: chumba kile cha nyuma kiko wazi mpaka saa kumi na moja jioni, mnaingia mmoja mmoja.